Swali ambalo al-Razi alisahau kuuliza: kisa cha Abdallah bin Sawada

Abdallah bin Sawada alikuwa akishikwa na homa zisizo na mpangilio. Kuna nyakati zilimjia kila siku. Kuna nyakati zilimshika leo, kesho zikamwacha, keshokutwa zikarudi. Mara nyingine zilimpa siku mbili za kupumua, na mara nyingine zilikawia hadi siku ya sita. Kabla ya joto kupanda alitetemeka kidogo kwa baridi. Pamoja na hayo alikuwa akienda haja ndogo mara nyingi kupita kiasi.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo tabibu wake mkononi, yapata miaka 1,100 iliyopita. Tabibu mwenyewe ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa Rayy, mji wa kale ulio kusini mwa Tehran ya leo. Alizaliwa karibu mwaka 865 na kufariki karibu mwaka 925, akawa mkuu wa hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad. Kisa cha Abdallah kimo ndani ya al-Hawi, mkusanyiko wake mkubwa wa tiba, katika sehemu yenye visa 33 vya wagonjwa aliowaona yeye mwenyewe. Max Meyerhof, daktari wa macho wa Kijerumani aliyefanya kazi Cairo, alivichapisha visa hivyo vyote mwaka 1935. Kisa chenyewe ni kifupi, kama ukurasa mmoja tu.

Nimekichagua kwa sababu kinakwenda mbali kuliko simulizi nyingi za aina yake. Tukisoma habari za matabibu wa kale na homa, tunasimuliwa vita tu: kuumika, kutoboa mshipa, kuharisha, dawa chungu. Homa ikishatoka, msimulizi anafunga daftari. Katika kisa hiki homa inaondoka katikati ya maelezo, na yanayofuata yanamhusu mtu asiye tena na homa lakini ambaye bado hajapona.

Kuhesabu siku

Neno letu "homa" tumelitoa katika Kiarabu, humma, na ndilo neno lilelile alilolitumia al-Razi. Tofauti ni kwamba kwetu leo homa ni dalili ya kitu kingine, na daktari anatafuta hicho kitu. Kwa matabibu wa wakati ule homa ilikuwa maradhi yenye jina na tabia yake, na jina lilitokana na siku. Ghibb ilikuwa homa ya siku ndani, siku nje. Rib', yaani ya nne, iliacha siku mbili katikati. Iliitwa ya nne kwa kuwa walihesabu pia siku ya homa yenyewe: Jumatatu imeshika, Jumanne na Jumatano imeachia, Alhamisi imerudi. Ilikuwepo pia ya kila siku, na zilikuwepo zilizochanganyika, ambazo ndizo zilizomsumbua Abdallah.

Hesabu hii waliirithi kwa Wagiriki, na haikuwa ya kubuni. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliviona vimelea vya malaria ndani ya damu kwa hadubini. Miaka michache baadaye Camillo Golgi wa Italia alionyesha kwamba homa hupanda pale vimelea vinapozipasua chembe za damu kwa pamoja, aina moja kila baada ya saa 48, nyingine kila baada ya saa 72. Ghibb na rib' ndizo hizo. Watu wasio na hadubini walikuwa wameuona mwendo wa vimelea hao kwa kukaa kando ya kitanda na kuhesabu.

Hesabu hiyo iliwasaidia pia kutabiri. Katika maandishi ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, homa ya nne ndiyo inayodumu kuliko zote na ndiyo isiyo na hatari kubwa. Kwa hiyo tabibu akikwambia homa zako zitageuka kuwa rib', anakuambia pia ujiandae kwa safari ndefu, ila usiandike wasia.

Al-Razi alipomtazama Abdallah alisema ni moja kati ya mawili: ama homa hizi zitageuka rib', ama kuna jipu katika figo. Akaishia hapo. Hakuchagua.

Homa imekwisha, mgonjwa hajapona

Haukupita muda mrefu Abdallah akakojoa usaha. Al-Razi akamwambia kwamba homa zile hazitarudi tena, na kweli hazikurudi.

Angalia alivyothubutu. Mtu amekojoa usaha, jambo la kumtisha yeyote, na tabibu wake anampa habari njema. Al-Razi alijua kwamba kilichokuwa kimefungiwa ndani kimepata mlango. Jipu lililofunga huleta homa na baridi kwa vipindi visivyotabirika. Likipasuka na kupata njia ya kutokea, joto hushuka. Hata daktari wa leo angesema hivyo, ingawa angetaka picha ya figo kwanza.

Tabibu aliyetaka sifa tu angeweza kuishia hapo, maana utabiri wake ulikuwa umetimia mbele ya watu. Lakini matabibu wa Baghdad walikuwa wamesoma vizuri semi za Hippocrates, zilizotafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn bin Ishaq katika karne ya 9. Mmoja wa semi hizo unasema kwamba mabaki ya ugonjwa baada ya buhrani ndiyo huurudisha ugonjwa. Buhrani kwao ilikuwa ile saa ambayo ugonjwa hufika kileleni na kuamua uende wapi, kwenye kupona au kwenye kifo. Mgonjwa aliyeivuka salama bado alikuwa na mabaki, na kazi ya tabibu katika siku za ahueni ilikuwa kuyafuatilia.

Al-Razi aliyafuatilia kwa hatua mbili. Kwanza alimpa Abdallah dawa za kukojoza, na hakuziacha mpaka mkojo ulipotoka safi, hauna usaha. Kipimo chake hakikuwa jinsi mgonjwa alivyojisikia, maana mtu aliyeachwa na homa ya muda mrefu hujiona mzima siku ya pili tu. Kipimo kilikuwa mkojo. Baada ya hapo ndipo alipobadilisha dawa akampa vitu vitatu: udongo wa muhuri, ubani, na damu ya ndugu wawili.

Udongo wa muhuri ulichimbwa katika kisiwa cha Lemnos huko Ugiriki, ukafinyangwa vidonge na kupigwa muhuri ili mnunuzi asiuziwe udongo wa kawaida. Ubani ndio huu huu tunaoufukiza katika vyetezo vya pwani, utomvu wa mti unaoota kusini mwa Arabuni na Somalia. Damu ya ndugu wawili, kwa Kiarabu dam al-akhawayn, ni utomvu mwekundu kama damu. Ule uliosifika zaidi ulitoka Sokotra, kisiwa kilicho mashariki ya Pembe ya Afrika. Vyote vitatu vilihesabiwa kuwa dawa za kukausha, kukaza na kufunga kidonda.

Mpangilio wa hatua hizi ndio unaonivutia zaidi. Dawa za kufunga zilikuwepo tangu mwanzo, wala hazikuwa siri. Al-Razi alizizuia mpaka mkojo utakate, kwa sababu kidonda kikifungwa juu na usaha ukabaki ndani kitaiva upya. Mama yeyote aliyewahi kuuguza kidonda cha mguu wa mtoto anajua hivyo. Yeye alitumia ujuzi huohuo kwa kidonda asichoweza kukiona wala kukigusa, kilichokuwa ndani ya figo, na dirisha lake pekee lilikuwa chombo cha mkojo.

Tiba yote ilichukua kama miezi miwili, na Abdallah akapona kabisa.

Sina imani kwamba udongo wa Lemnos ulifika kwenye figo ukafanya kazi aliyoitarajia. Kilichomwokoa Abdallah, kwa ninavyosoma, ni usaha kupata njia, mwili wake kuwa na nguvu, na maji mengi kupita katika figo kwa wiki kadhaa. Penisilini ilikuwa bado miaka elfu moja mbele. Lakini kusafisha kwanza na kufunga baadaye ulikuwa uamuzi sahihi, na kuendelea kumtazama mgonjwa miezi miwili baada ya homa kutoka ulikuwa sahihi zaidi.

Chakula cha mtu anayeinuka

Kuna jambo moja ambalo ukurasa ule hauna: hakuna neno juu ya chakula cha Abdallah. Si kwamba al-Razi hakujali, kwani aliandika kitabu kizima juu ya faida za vyakula na namna ya kuepuka madhara yake. Nadhani hakuona haja ya kuandika kile ambacho kila tabibu alikijua.

Kiarabu kina neno naqih, mtu aliyeachwa na ugonjwa ila hajarudishiwa nguvu. Sisi husema amepata ahueni, au ameanza kuinuka. Waislamu wengi wa pwani wamewahi kusikia hadithi ya Umm al-Mundhir, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwake akiwa na Ali, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka ugonjwani. Palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akawa anakula, na Ali naye akaanza kula, ndipo akaambiwa aache kwa kuwa yeye ni naqih. Umm al-Mundhir akapika shayiri na mboga ya majani iitwayo silq, na Ali akaambiwa ale hicho, kinamfaa zaidi.

Ushauri huo ulitolewa karibu miaka 300 kabla ya al-Razi, mbali na vitabu vya Wagiriki, na bado unakutana navyo. Hippocrates naye alishikilia maji ya shayiri kwa wagonjwa wa homa, na katika semi zake umo mmoja usemao kwamba mtu anayetoka ugonjwani akila na asipate nguvu, ni alama kwamba anakula kupita anavyoweza mwili wake. Bibi yangu hakumjua Hippocrates. Lakini mtu akiinuka na homa kwetu hakuruhusiwa kugusa pilau hata kama ni siku ya Idi. Ulianza uji mwepesi, kisha mashendea, na nyama ikaja mwisho kabisa, mchuzi kwanza na mnofu baadaye. Tuliona ni ukatili. Mtu aliyekaa na njaa ya homa wiki nzima anatamani kila anachokiona, na ndiyo maana sheria ile ilihitaji mtu mwenye sauti nzito kuisimamia.

Kiuno

Sasa niingie kwenye sehemu inayonirudisha kwenye kisa hiki kila mara.

Baada ya kueleza matibabu, al-Razi anarudi nyuma na kujihoji. Kwa nini hakusema tangu mwanzo kwamba ni jipu la figo? Anajibu kwamba historia ya mgonjwa ilimvuta. Abdallah alikuwa ameshawahi kuugua ghibb na homa nyingine za kuchanganyika, na mtu mwenye rekodi hiyo akija tena na homa za vipindi, akili inakimbilia kwenye njia iliyozoeleka. Ilimjia kwamba homa hizi nazo zinakusanya nguvu ili ziwe rib'.

Halafu linakuja jambo la kiuno. Katika elimu yao, mwenye jipu la figo akisimama huhisi uzito kiunoni, kana kwamba kuna kitu kimemning'inia. Abdallah hakulalamika hivyo. Na al-Razi anaandika, bila kuzungukazunguka, kwamba yeye naye alighafilika, hakumuuliza.

Usaha ulipokwisha kutoka alimuuliza. Je, ulikuwa ukihisi uzito kiunoni? Abdallah akajibu ndiyo.

Kwa hiyo dalili ilikuwepo wakati wote. Mgonjwa aliibeba kiunoni kila aliposimama kumlaki tabibu wake, na hakuitaja kwa sababu hakujua kwamba ina maana. Nani anayejua? Mtu mwenye homa huzungumzia homa. Uzito wa kiuno ataulaumu kitanda, au kazi, au umri.

Al-Razi anajitetea kidogo, na utetezi wake una maana ya kitabibu. Anasema jipu lazima lilikuwa dogo, kwani lingekuwa kubwa Abdallah angelalamika mwenyewe bila kuulizwa, na usaha usingemalizika upesi vile. Unaweza kusoma hapo mtu anayejifariji. Mimi nasoma pia mtu anayepanga muda wa tiba: udogo wa jipu ndio uliompa matumaini kwamba miezi miwili itatosha.

Lipo na jambo la baba. Kukojoa mara kwa mara kulipasa kuitia nguvu dhana yake juu ya figo. Lakini hakuwa anajua kwamba baba yake Abdallah naye alikuwa na udhaifu wa kibofu, na kwamba hata Abdallah mwenyewe alikuwa na hali hiyohiyo akiwa mzima. Dalili moja, maana mbili: inaweza kuwa ugonjwa mpya, inaweza kuwa mazoea ya ukoo. Asiyeuliza habari za baba hawezi kujua aipe dalili hiyo uzito gani. Ndipo al-Razi anapoandika kwamba tangu hapo haitupasi kughafilika katika kupeleleza hadi mwisho, inshallah.

Ibn al-Nadim, mwandishi wa Baghdad wa karne hiyohiyo ya 10, anasimulia namna al-Razi alivyoketi na wanafunzi wake kwa duara. Mgonjwa alianza kwa wanafunzi wa nje. Wakishindwa, alipelekwa kwa wa ndani. Wakishindwa nao, al-Razi ndiye aliyesema. Ni utaratibu mzuri wa kufundishia. Lakini unahitaji kila duara liulize, wala lisidhani kwamba duara lililotangulia limeshauliza. Kisa cha Abdallah hakisemi kama alipita katika duara hizo. Kinachosema ni kwamba aliwaendea matabibu wengine pia, na kwamba hao hawakuelewa ugonjwa wake kabisa, hata baada ya usaha kuonekana kwenye mkojo.

Sentensi hiyo ya mwisho ina kiburi kidogo, na siwezi kumlaumu. Mtu aliyekwisha kukiri kosa lake kwa kina hivyo ana haki ya kusema kwamba wenzake walikosea zaidi. Ila angalia pia namna walivyokosea. Usaha ulikwisha kuonekana, na huenda bado hawakuachana na homa waliyokuwa wameipa jina.

Kosa la namna hiyo tunalifahamu vizuri huku kwetu, ambako homa kwa miaka mingi imesomwa moja kwa moja kuwa malaria. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 waliofikishwa kliniki wakiwa na homa. Waliokuwa na malaria walikuwa kama asilimia 10 tu. Karibu asilimia 6 walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa wa upande uleule wa mwili uliomsumbua Abdallah, na kwa mtoto mdogo hakuna wa kukwambia kiuno kinauma.

Karatasi za nyumbani

Al-Hawi hakikumalizwa na mwandishi wake. Zilikuwa rasimu: manukuu kutoka kwa Wagiriki, Wahindi na Waarabu waliomtangulia, na katikati yake maoni na visa vyake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipofariki, waziri Ibn al-Amid alizipata karatasi hizo kwa dada yake al-Razi baada ya kumpa mali nyingi, kisha akawakusanya wanafunzi wa marehemu wazipange. Kikatoka kitabu kikubwa mno. Mwaka 1279 Faraj bin Salim, tabibu Myahudi wa Sicily, alikitafsiri kwa Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Brescia, Italia.

Al-Razi alijua kuandika kwa ajili ya wakubwa. Kitabu chake al-Mansuri alimtunukia Mansur bin Ishaq, mtawala wa Rayy, na kimepangwa kama zawadi inavyopangwa. Ukurasa wa Abdallah bin Sawada haukupangwa hivyo. Ulikuwa miongoni mwa karatasi zilizobaki nyumbani kwa dada yake, mtu amejiandikia mwenyewe kwamba mgonjwa hakulalamika uzito wa kiuno, na kwamba yeye hakumuuliza.